Chupa Mtaroni: Kwa Wanaoanza Kufundisha Utunzaji wa Bahari kwa Gemu za Uhalisia Pepe, Mombasa

Mtu akivaa miwani ya uhalisia pepe (VR), inayomzungushia dunia iliyochorwa kwa kompyuta, kwa mara ya kwanza, lazima ashangae. Mshangao huo usiudhanie kuwa ndio somo. Kijana anaweza kuivua miwani akisikitika kwa yale aliyoyaona baharini, kisha akamaliza soda yake na kuirusha chupa mtaroni papo hapo. Kwa hiyo, kabla hujachora chochote, andika kwenye karatasi kitendo kimoja tu unachotaka kibadilike. Kiwe kitendo ambacho mchezaji anaweza kukifanya wiki hiyo hiyo, mtaani kwake, bila kungoja kaunti wala mfadhili. "Kutunza mazingira" hakutoshi, kwa sababu hakuhesabiki. "Kutotupa chupa mtaroni" kunahesabika.

Kwa Mombasa mfano huu una uzito wake. Maji ya mitaro ya mvua humalizikia baharini, mengine kwenye mkono wa bahari wa Tudor, mengine upande wa Kilindini. Masika yakianza, takataka zilizolala mitaroni kwa miezi huzolewa kwa mvua moja. Zikifika kwenye mikoko hunasa. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, hupumua kwa vijiti vya mizizi vinavyochomoza matopeni, na vijiti hivyo vikifunikwa na plastiki mti hukosa hewa, ukadhoofika. Marufuku ya plastiki ya Agosti 2017 nchini Kenya yalihusu mifuko. Chupa zikabaki madukani.

Jaribio moja kila anayeingia kazi hii alijue. Sun Joo Ahn, Jeremy Bailenson na mwenzao walilichapisha mwaka 2014, kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Baadhi ya washiriki waliukata mti kwa msumeno ndani ya miwani, mkono ukienda na kurudi na kuhisi mtetemo. Wengine walisoma tu maelezo ya ukataji huo. Baadaye glasi ya maji ilimwagika mbele yao kana kwamba ni bahati mbaya, na zikahesabiwa karatasi walizotumia kupangusa. Waliokata mti walitumia pungufu kwa takriban asilimia 20. Tazama mambo mawili hapo: mkono wa mchezaji ndio uliofanya tendo, na kipimo kilikuwa tendo, si maoni yaliyojazwa kwenye fomu.

Basi chupa itoke mkononi mwa mchezaji mwenyewe. Usimwonyeshe "watu wachafu" wakitupa taka, maana atajiweka upande wa watu wema na mambo yaishie hapo. Gemu ya dakika sita inatosha, na mgawanyo huu unafaa. Dakika ya kwanza, anasimama kando ya kibanda, anajifunza kushika na kuachia vitu, anakunywa, anatupa, na pipa la taka halipo karibu. Dakika mbili zinazofuata mvua inanyesha na chupa inasafiri: mtaroni, chini ya kalvati, hadi matopeni penye mikoko. Dakika mbili nyingine anang'oa plastiki kwenye vijiti vya mchu kwa mikono yake, rimoti ikitetema kidogo kila inaponasuka. Dakika ya mwisho anarudi kibandani, chupa mkononi, na sasa pipa lipo hatua kumi mbele. Dakika hii usiikate hata ukibanwa na muda. Ukimwacha mtu matopeni amefadhaika bila kumpa la kufanya, ataukimbia ujumbe wote.

Jihadhari na pointi. Ukitoa pointi kwa kila chupa iliyookotwa, watoto watatupa zaidi ili waokote zaidi. Toa pointi kwa chupa iliyofika pipani bila kugusa ardhi.

Kosa kubwa la waundaji wapya ni kumfanya mchezaji aelee na maji. Jicho linaona mwendo, sikio la ndani halihisi kitu, na baada ya sekunde chache mtu anashikwa na kichefuchefu. Badala yake mpitishe vituo vinne; kati ya kituo na kituo, giza la nusu sekunde. Ndani ya kila kituo asogee kwa miguu yake tu, kwenye nafasi ya mita mbili kwa mbili.

Kichefuchefu kina chanzo cha pili: fremu zinazodondoka, yaani picha zinazofuatana kwenye skrini zikikosa kuchorwa kwa wakati. Miwani isiyotegemea kompyuta ikionyesha fremu 72 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 13.9 tu za kuchorwa. Vinavyokula muda huo ni maji yanayopitisha mwanga na majani yenye picha za uwazi yaliyopandana. Chora majani machache yasiyo na uwazi, mwanga uuchome kwenye picha mapema badala ya kuuhesabu gemu inapoendelea, na maji yawe ya tope. Maji ya mkono wa bahari wakati wa mvua ni ya tope kweli, na tope linaficha vya mbali, kwa hiyo unapata uhalisia na wepesi kwa pamoja.

Maandishi yawe machache, sauti ya Kiswahili cha hapa ifanye kazi kubwa. Herufi inayosomwa kutoka mita mbili isipungue sentimita nne kwa urefu. Ukitaka kutumia simu ndani ya boksi la kadibodi, hakikisha kwanza simu ina jairoskopu, kihisi cha mzunguko, maana nyingi za bei nafuu hazina. Hata ikiwa nayo, itafuata mzunguko wa kichwa tu. Mkono haushiki kitu, na nguvu ya somo inapungua sana.

Siku ya darasa, piga hesabu. Dakika sita za mchezo, nne za kuvaa, kuvua na kufuta, jumla kumi. Kipindi pacha cha dakika 80 kwa miwani minne kinahudumia wanafunzi 32. Darasa la 45 halitoshi, na anayekosa zamu atakuwa na kinyongo na somo zima. Panga siku mbili. Barua ya idhini ya wazazi itangulie, na iulize kuhusu kifafa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inataka idhini ya mzazi kabla hujachukua taarifa za mtoto. Pakua kila kitu nyumbani na zima masasisho ya kujiendesha, usije ukakuta miwani inajisasisha kwa intaneti ya shule.

Joto letu ni adui. Chini ya mabati, Februari na Machi, miwani hupata moto, prosesa inajipunguzia kasi, fremu zinadondoka, watoto wanashikwa na kizunguzungu, na wewe unailaumu gemu. Tafuta chumba chenye upepo, anza mapema asubuhi. Sponji ya usoni hunyonya jasho, kwa hiyo ivalishe kifuniko cha silikoni, viwili kwa kila miwani, kimoja kikikauka kingine kikitumika. Lenzi zifute kwa kitambaa laini kikavu. Spiriti huharibu utando wake. Na usiiache miwani dirishani hata dakika moja: lenzi hukusanya jua na kuunguza skrini, na doa hilo halitoki.

Wasichana na kina mama wengi watakuja na hijabu au ninja (nikabu). Awepo mhudumu wa kike na pembe yenye pazia. Legeza mkanda wote, mwache ashike miwani usoni mwenyewe, ndipo mkanda upite juu ya kitambaa. Pini za pembeni zitolewe kwanza, kwani mkanda ukizikandamiza huuma. Mzee akija, shikamoo itangulie, kiti kiwe tayari, na usimguse kichwa bila kumwomba ruhusa.

Sasa kipimo, sehemu ambayo wengi huiruka. Chagua mita 50 za mtaro karibu na lango la shule. Hesabu chupa asubuhi, siku tatu kabla ya gemu na siku tatu baada ya wiki mbili, siku zile zile za juma. Hesabu pia mtaro wa shule nyingine ambayo haijacheza. Hakikisha pipa lipo kweli nje ya lango. Bila pipa, gemu imeahidi kitu ambacho mtaa haunacho. Waulize wafagiaji wanapita lini, na vijana wanaookota chupa za kuuza wanapita lini, maana wote wawili wanaweza kukupa matokeo mazuri yasiyo yako. Mvua ikinyesha usiku, ifute hesabu ya siku hiyo. Mtaro utakuwa mweupe, kumbe chupa zote zimeshafika kwenye mikoko.