Mwanangu, liguse kabla halijawashwa

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma na zile picha nimezifungua zote, hata ile ya taili uliyoipiga kichwa chini. Umeuliza kitu kimoja tu, kwenye hizo ekari zako nne za mteremko uchukue kile kitrekta kidogo cha fowili, kinachovuta kwa taili zote nne, chenye loda, lile koleo kubwa la mbele, Kubota B7100, au lile Massey Ferguson 135 linalovuta kwa taili za nyuma tu ila lina nguvu. Baba yako najua keshakupigia, kakwambia chukua 135, manake kwake trekta lisilomtikisa aliyekaa juu yake sio trekta. Mimi nina swali kwanza. Unaenda kuyaona saa ngapi, na wenye nayo wanajua unakuja?

Unacheka. Cheka tu, lakini trekta kuukuu linanunuliwa limepoa, nilishakwambia na nitasema tena na tena mpaka unichoke. Rangi watapiga upya, kiti watabadilisha, mita ya masaa hata usiiangalie sana, za zamani nyingi zinahesabu kwa mzunguko wa injini sio kwa saa ya ukutani, trekta likikaa linaunguruma taratibu mita inatembea kidogo sana, afu kuna zilizokufa miaka na kuna zilizobadilishwa. Angalia pedali ya klachi, ikiwa chuma kimelika mpaka kinang'aa na mita inasema masaa machache, bas umeshajua nani anadanganya. Lakini injini ikiwa baridi haiwezi kukuficha kitu.

Wewe ulikuwa mdogo siku tunaenda kuliona lile letu, tulikuacha kwa shangazi yako. Tulifika asubuhi mapema, umande bado, viatu vyangu vimelowa kwa majani, bati la banda linadondosha maji, tela lililokuwa pembeni limejaa matone. Boneti ya trekta kavu kabisa. Na kwenye majani palikuwa na mistari miwili ya taili imekata umande kutoka upande wa barabarani mpaka pale lilipoegeshwa. Nikaweka kiganja ubavuni mwa injini, lina joto. Sio la kuunguza, lile la kitu kilichozimwa muda sio mrefu. Nikamwambia baba yako kwa sauti ya chini, hili limeshawashwa leo. Mwenyewe akasikia, akacheka, akasema "Mama, jua hilo." Jua! Jua lenyewe lilikuwa bado nyuma ya miti. Na baba yako, huyo huyo anayekupigia simu za ushauri, akaniambia ngoja kwanza mzee amalize kueleza. Mzee akaeleza weee. Akazungusha funguo, likashika papo hapo, wanaume wakaangaliana wakatikisa vichwa kwa raha, hela ikahesabiwa juu ya boneti ile ile niliyoilalamikia.

Kesho yake nyumbani halikuwaka.

Yaliyofuata unayajua, si ndo maana trekta letu halikuwahi kulala tambarare, lilikuwa linalala pale juu kwenye mteremko limewekewa gogo chini ya taili, na wewe ndo ulikuwa mvuta kamba ya gogo, unasimama mbali pembeni na fahari zako, ulidhani matrekta yote duniani yanawashwa hivyo. Kumbe ringi za pistoni zimeisha, kompresheni hakuna, yaani hewa haibanwi vizuri kwenye silinda, injini ikiwa baridi inazunguka tu inatoa moshi mweupe, ikishapata joto inapiga kazi kutwa nzima. Yule mzee alijua hilo vizuri sana. Fundi alipokuja kufungua alitoa ringi ya juu ya silinda ya katikati ikiwa vipande, akawa anamwekea baba yako kwenye kiganja, kimoja kimoja. Mimi sikusema neno. Haya, nilisema.

Sasa baba yako utetezi wake mpaka leo ni kwamba trekta la zamani halinunuliwi, linatengenezwa, na lile likishafunguliwa likafungwa vizuri limetulimia mpaka wewe unamaliza shule. Hapo siwezi kumbishia. Labda tulinunua trekta zuri lenye ugonjwa mmoja. Na pengine mzee wa watu aliliwasha tu kulitoa bandani, mtu akijua wageni wanakuja anatoa kitu nje kionekane, mbona kawaida tu, labda namchukulia vibaya miaka yote hii. Hapana. Kama ni kulitoa bandani angesema nimelitoa bandani. Alisema jua.

Haya, turudi kwako. Hizo injini ndogo za dizeli kama ya hicho kitrekta zina plagi za kupasha joto, likiwa limepoa kweli unashikilia funguo sekunde kadhaa kwanza ndo unapiga stata. Ukimwona mtu anaziruka plagi na injini inashika hapo hapo, jua alishaiwasha kabla hujafika. Moshi mweupe kidogo ukiisha baada ya dakika chache hauna neno, ule usioisha ndo ugonjwa. Wa bluu ni oili inaungua. Afu fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, uone inapumua kiasi gani, ikitoa moshi kwa kusukuma kama bomba ujue ringi zile zile zimenifuata mpaka kwako. Oili ya haidroliki ikiwa rangi ya maziwa kuna maji yameingia. Funga kitu kizito nyuma, nyanyua, zima injini, uangalie mikono ya kunyanyulia ya nyuma inashuka haraka au inakaa, na hilo ulifanye mara mbili, mwanzo na tena baada ya kulitembeza nusu saa, manake haidroliki iliyochoka ikipata joto ndo inajionyesha.

Kuhusu hayo mawili yenyewe. 135 walianza kulitengeneza 1964, injini yake ya Perkins silinda tatu, hospawa 45 hivi, na uzito karibu tani moja na nusu, na uzito ndo unaovuta mwanangu, hospawa bila uzito ni taili kuzunguka tu. Spea zake bado zinatengenezwa mpaka leo na fundi yeyote wa dizeli anaijua injini ile. Hapo baba yako ana haki na inaniuma kusema. Lakini wewe umemuuliza klachi yake ni ipi? 135 zilitoka za aina zote, kuna za klachi ya hatua moja na kuna za hatua mbili. Yenye hatua moja ukikanyaga klachi PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, nayo inakatika, na slasha, mashine ya kukatia majani, haisimami hapo hapo, visu vizito vile vinaendelea kuzunguka na vinarudisha nguvu kwenye giaboksi, trekta linakusukuma mbele na wewe umekanyaga klachi kabisa. Ukiwa unaelekea fensi utaniambia. Kuna kikapulingi cha kuzunguka upande mmoja kinachofungwa kwenye shafti ya PTO kuzuia hilo, sio kitu kikubwa, lakini ujue mapema. Ya hatua mbili ukikanyaga nusu trekta linasimama slasha inaendelea, raha tupu.

Kile kidogo ni hospawa 16, nusu tani na kidogo, kinapita popote, na hiyo fowili kwenye mteremko wako naipenda kwa sababu ambayo hukuitaja, wewe umesema kupanda, mimi nawaza kushuka. Breki za matrekta haya zipo taili za nyuma tu. Ukiwa na loda imejaa mbele nyuma kunakuwa kwepesi, unakanyaga breki taili zinateleza, fowili ikiwa imeingia na taili za mbele zinasaidia kushikilia. Ila ukiwa na loda lazima ufunge uzito nyuma, na usibebe imenyanyuliwa juu, ibaki chini karibu na ardhi. Na sehemu ya mbele ndo wanaiua hao wenye loda, nyanyua ekseli ya mbele kwa jeki uishike taili uitikise, ikicheza bushi na beringi zimekwenda, na uangalie kama oili inavuja pale penye taili. Kwa slasha wanakadiria hospawa tano za PTO kwa kila futi moja ya upana, kwa hiyo kile kitavuta ya futi tatu, au nne kama majani ni laini, utakuwa unazunguka sana kwenye ekari nne lakini utamaliza.

Kingine, muulize kama kiliuzwa kikiwa kipya nje au kilikuwa cha soko la ndani la Japani kikaja baadaye kikiwa kimeshatumika. Maandishi ya Kijapani kwenye gia yatakwambia. Sio kibaya, injini zao zinadumu sana, lakini namba za spea sio kila mara zinaendana na vitabu vya yale yaliyouzwa nje, na mengi yana gia zaidi ya moja za PTO. Slasha ya kawaida inataka mizunguko 540 kwa dakika, ukiweka gia ya juu unazungusha visu kuliko vilivyotengenezwa kubeba.

Kwenye picha zako roliba, ile fremu ya chuma ya kukukinga trekta likipinduka, sijaiona, wala kwa kidogo wala kwa kikubwa. Uswidi walishalazimisha matrekta mapya yawe na kinga ya kupinduka tangu 1959, sisi tunaongea habari za rangi. Kwenye mteremko ule silitaki trekta lisilo na roliba na mkanda, na yote mawili kwa pamoja, mkanda bila roliba unakufunga chini ya chuma. Na gogo likivutwa linafungwa chini kwenye drobaa, kile chuma cha kuvutia cha nyuma, ukifunga juu mbele inanyanyuka na trekta linakugeukia mgongoni kabla hujafikia klachi.

Ukinibana lipi, sisemi, ni hela yako na mgongo wako. Kwa kazi uliyoandika, slasha, samadi, changarawe ya ile njia, mimi mkono wangu ungeenda kwa... sisemi. Jembe hujalitaja hata mara moja, hilo tu naliona. Lakini ukija kulitaja mwakani, na wewe nakujua utalitaja, kidogo kitakulilia. Na kama 135 ni ya klachi ya hatua mbili basi yote niliyosema nusu yake futa. Unaona, baba yako kashaniharibu.

Nitumie video ya kila moja likiwashwa limepoa, usiikate, ianzie kiganja chako kikiwa kwenye injini. Na mafundi wa kuchomelea wawili watatu uwaulize kama wamewahi kufunga roliba iliyotengenezwa kiwandani kwa hayo matrekta, sio ya kuunga mabomba, hiyo ikikatika ni bora isingekuwepo. Mpaka wakujibu usiache hata senti ya kushikilia mali.

Mama