Wakili Amekuangusha? Okoa Kesi Kwanza

Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye mapokezi ya chemba moja ya mawakili jijini Mwanza. Nilipokea simu, nilipanga mafaili, nilikimbia mahakamani kuangalia tarehe. Swali nililoulizwa kuliko yote halikuwa la sheria. Lilikuwa: "Dada, wakili yupo?" Siku hizi sipo tena kule, lakini watu bado wananitafuta na maswali ambayo ni mtoto wa lile lile. Wakili wangu hapokei simu. Wakili wangu kala hela. Kesi yangu imefutwa na mimi sina habari, nimshitaki wapi?

Jibu langu huwa haliwafurahishi: muache kwanza huyo wakili, tazama kalenda.

Mtu akishagundua kesi imeharibika, hasira zote zinamwendea wakili. Anataka kumvizia ofisini, anataka kuandika barua TLS, yaani Chama cha Mawakili Tanganyika, anataka ndugu wote wajue. Wakati huo muda wa kurekebisha kesi yenyewe unayoyoma. Shauri la ardhi lililoamuliwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, rufaa yake kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 kupeleka mgogoro wake CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kesi ikifutwa kwa kutohudhuria, au hukumu ikitolewa ya upande mmoja, maombi ya kuirudisha nayo yana siku 30. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama ya Rufani, siku 30 vilevile. Wiki tatu za kugombana na wakili ni wiki tatu zilizotoka humo.

Na usitegemee kwamba utaieleza mahakama "wakili wangu ndiye aliyezembea" ikuonee huruma. Mahakama ya Rufani imeshalikataa hilo mara nyingi. Katika kesi ya Umoja Garage dhidi ya Benki ya Taifa ya Biashara, iliyomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 1997, uzembe wa wakili haukukubaliwa kuwa sababu ya kuongezewa muda. Katika kesi ya Lyamuya Construction ya mwaka 2010, ambayo mawakili wanaitaja kama wimbo wa taifa, anayeomba muda anatakiwa aeleze ucheleweshaji wote, aonyeshe kwamba haukupitiliza, na aonyeshe kwamba mwenyewe alikuwa anafuatilia. Iko nyingine ya karibuni zaidi, ambako Mahakama hiyo ilisema wazi kwamba mtu anayemtupia wakili kesi halafu hafuatilii hawezi kuja baadaye kulalamika kuwa hakujua kilichoendelea. Mimi naona ni kali mno kwa mkulima wa Sengerema ambaye alimlipa wakili kwa sababu mambo ya mahakama hayajui. Lakini ndiyo sheria tuliyo nayo, na hukumu hizi unaweza kuzisoma mwenyewe bure kwenye tovuti ya TanzLII.

Yaliyompata baba yangu mdogo yatakuonyesha ninachosema. Alikuwa na shauri la shamba kwenye Baraza, na wakili aliyekuwa amemlipa kwa awamu. Kila akipiga simu anaambiwa "imepangwa tarehe nyingine, mzee, tulia". Alipokuja kwangu nilimwambia twende masjala tukaombe kupekua faili. Ni haki ya mwenye kesi, unaandika barua, unalipa ada ndogo, unakaa na faili mbele ya karani. Tulifungua kurasa za mwenendo, yaani kumbukumbu za kilichotokea kila tarehe ya kesi. Mstari wa kwanza: "Wakili wa mwombaji hayupo, hakuna taarifa." Tarehe nyingine, maneno yale yale. Ya tatu: "Maombi yanafutwa kwa kutohudhuria." Baba mdogo alirudia ule mstari wa mwisho akiufuata kwa kidole.

"Lakini mwanangu, si nilimlipa?"

"Ulimlipa baba mdogo. Ila Baraza halina habari na malipo yenu."

Alitaka tutoke pale moja kwa moja hadi kwa wakili. Nilimzuia, na sababu yenyewe wengi hawaijui. Maombi ya kurudisha kesi yanabebwa na hati ya kiapo. Ukisema kwenye kiapo chako "wakili aliniambia tarehe ni nyingine", hayo ni maneno ya kusikia, na mahakama itauliza: huyo wakili mwenyewe kiapo chake kiko wapi? Kwa hiyo mtu unayetaka kumtukana leo ndiye shahidi unayemhitaji kesho. Ukimfungulia malalamiko kabla hajaapa, umemfanya awe na kila sababu ya kukaa kimya au kusema ni wewe uliyezima simu.

Tulikwenda kwake kwa adabu. Baba mdogo akasalimia, akakaa, akasema anachotaka ni kesi irudi. Wakili alihangaika kidogo na karatasi zake mezani, mwisho akakubali kuapa kwamba siku ile alikuwa kwenye shauri jingine Mahakama Kuu. Tukaambatisha na meseji za baba mdogo. Hizo ndizo zilizotusaidia kuliko chochote. "Wakili naomba tarehe yangu", na siku yake na saa yake, nyingi mno, nyingine hazikujibiwa. Zilionyesha mtu anayefuatilia kesi yake. Shauri likarudishwa, tukatafuta wakili mwingine, na hapo ndipo baba mdogo alipopata uhuru wa kuamua kama amlalamikie wa kwanza au la.

Kwa hiyo, kama uko kwenye kesi sasa hivi na mambo bado ni shwari, andika meseji badala ya kupiga simu. Simu haina ushahidi wa kilichosemwa. Na uwe na faili lako nyumbani: namba ya shauri, jina la hakimu au mwenyekiti, tarehe inayofuata, nakala ya kila kilichopelekwa mahakamani chenye muhuri wa kupokelewa. Hukumu ikitoka, hakikisha barua ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo imeandikwa na imegongwa muhuri mapema, kwa sababu muda wa kusubiri nakala unaweza kutolewa kwenye hesabu ya siku zako, ila lazima uonyeshe uliomba lini. Hati miliki na mkataba halisi usiviache ofisini kwa wakili "kwa usalama". Mpe nakala, halisi zitakuja siku ya ushahidi. Nimeona watu wakibadilisha wakili halafu wanashindwa kupata hati zao kwa sababu ya mvutano wa ada.

Kubadilisha wakili, kwanza, hakuhitaji ruhusa ya mtu. Unamwandikia barua ya kusitisha maelekezo uliyompa, mpya anaijulisha mahakama na upande wa pili. Basi. Usiseme tu kwa mdomo ukaingia mitini, maana mahakamani bado anahesabika ni wako na hati za wito zitaendelea kwenda kwake.

Sasa tuje kwenye swali la kama amekosa kweli. Kushindwa kesi si kosa la wakili. Kwenye kila kesi kuna mmoja anashindwa, na mara nyingi aliyeshindwa hakuwa na ushahidi tangu siku ya kwanza. Kuchelewa nako peke yake hakutoshi, mahakama zina foleni. Lakini kuna mambo ambayo nikiyasikia sihitaji kuuliza mara mbili. Amekula fedha ulizoshinda. Amesaini makubaliano ya kumaliza kesi bila ridhaa yako. Anakutetea wewe na huku ana maslahi upande wa pili. Ameacha siku za rufaa zipite wakati ulishamlipa na kumpa nyaraka. Ameishitaki halmashauri bila notisi ya siku 90 na bila kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kesi ikatupwa kwa pingamizi la awali. Hilo la mwisho linauma kweli, kwa sababu sharti lenyewe limeandikwa kwenye sheria na kila wakili anatakiwa alijue.

Kwenye makubaliano kuwa macho zaidi. Hati ya makubaliano ikishapokelewa na mahakama inageuka kuwa hukumu, na kuipindua ni kazi pevu. Usisaini karatasi tupu, hata kama wakili anakwambia ni ya kurahisisha mambo usije mjini kila mara. Na yule anayekuapisha kwenye hati yako ya kiapo asiwe wakili anayekutetea kwenye shauri hilo hilo. Sheria ya Wathibitishaji wa Umma na Makamishna wa Viapo inakataza. Ofisi zenye haraka huwa zinafanya, na hapo upande wa pili unapata pingamizi la bure.

Fedha. Ada ya mahakama hulipwa kwa kontroo namba. Kwa hiyo mtu akikwambia "nitumie laki tatu za kufungulia kesi", omba kontroo namba au risiti yake. Itakuonyesha mahakama imepokea shilingi ngapi, kinachobaki ni ada ya wakili, nayo udai risiti yako ya EFD. Na ukishinda fidia au mafao, uliza mapema zitalipwa akaunti gani. Fedha ya mteja inatakiwa ikae mbali na fedha ya ofisi, lakini usalama mzuri zaidi ni ziingie kwako moja kwa moja, wakili alipwe ada yake baadaye kwa mkataba mlioandikiana. Kama hamkuandikiana, andikianeni leo. Nusu ya ugomvi niliousikia pale mapokezini ulikuwa wa watu wawili wenye kumbukumbu tofauti za bei moja.

Halafu kuna waliolalamika kwangu kumbe hawakuwahi kuwa na wakili. Walikuwa na kishoka. Suti anayo, mkoba anao, anashinda kwenye viunga vya mahakama, na lugha anaijua. Wakili wa kweli jina lake limo kwenye orodha ya Mahakama Kuu, na leseni yake anaihuisha kila mwaka. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni, unaandika jina unaona kama yupo na kama leseni yake ni hai. Aliyekuwa wakili mwaka juzi na hakuhuisha leseni naye haruhusiwi kukusimamia. Kishoka hapelekwi kwenye kamati ya maadili, anapelekwa polisi, kwa sababu kujifanya wakili ni kosa la jinai.

Wakili halisi analalamikiwa Kamati ya Mawakili, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, na mwenyekiti wake ni jaji. Chama cha Mawakili Tanganyika nacho kinapokea malalamiko, na mengine huishia huko kwa kusuluhishwa. Kamati inataka kiapo na vielelezo: risiti, meseji, nakala za mwenendo, barua yako ya kudai maelezo ambayo hakuijibu. Hadithi tupu haifiki mbali. Ikiridhika, inaweza kumuonya, kumsimamisha kwa muda, au kumwondoa kwenye orodha ya mawakili. Isichoweza ni kukurudishia shauri lililofutwa au kusimamisha siku za rufaa, na hapo ndipo watu wanapojidanganya: wanapeleka malalamiko, wanakaa wakisubiri majibu, kesi inafia mikononi mwao wakiamini kuna mtu anaishughulikia.

Wazanzibari wana chama chao cha mawakili na sheria yao, msiende kwa Kamati ya Bara kwa jambo la Zanzibar. Walioko Kenya wanaanzia kwenye tume ya malalamiko dhidi ya mawakili iliyo chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na makosa mazito yanakwenda kwenye baraza la nidhamu.

Kumshitaki wakili akulipe hasara ni njia nyingine kabisa, ndefu, na mimi huwa naiweka mwisho. Inawezekana. Lakini haitoshi kuthibitisha kwamba alilala. Unatakiwa uthibitishe pia kwamba kama asingelala, ungeshinda na ungepata kitu fulani chenye thamani fulani. Maana yake unaiendesha kesi ya zamani ndani ya kesi mpya. Aliyekoseshwa rufaa ambayo hata ingekatwa isingefua dafu, hasara yake ni ipi? Ukidai kwa msingi wa mkataba wenu una miaka 6. Ukidai uzembe peke yake una 3, kwa hiyo hesabu kwa ile mifupi ujiweke salama.

Tatizo jingine ni kumpata wakili wa kumshitaki mwenzake. Kwenye mji mdogo wanajuana, wanakula chakula cha mchana pamoja, kesho wako upande mmoja. Chukua nakala ya mwenendo mzima, si hukumu tu, uende nayo mkoa mwingine kwa mtu asiyemjua mwenzake. Uombe maoni ya maandishi kwanza, uyalipie, kabla hujamkabidhi kesi yoyote.