Mwaka wa kwanza RUCU (Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha), tusikilizane kabla UE, mtihani wa mwisho wa semesta, haijafika

Wadogo zangu, kila mwaka mnashuka Iringa mmenuna kwa sababu mlitaka Dar mkapata nafasi huku. Nawapenda, ila mnanichosha.

1. Jueni mlipo. Chuo kilianza 2005 kikiitwa RUCO, chuo kishiriki cha SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) ya Mwanza, chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki. Ndiyo maana kaka na dada zenu wa enzi zile wana vyeti vya SAUT, msibishane nao kwenye magrupu. Na hapa si seminari: Mlutheri na Mwislamu mtakaa nao benchi moja.

2. Chuo kidogo hakina pa kujificha. Nilikaa geto moja na jamaa ambaye ni kichwa kwelikweli. Akaamua semesta ya kwanza ni ya kuzoea baridi, akawa analala, mwenzake anamsainia mahudhurio. Siku moja mhadhiri akaichukua ile karatasi, akasoma jina lake kwa sauti, akatazama kiti cha dirishani kilichokuwa kitupu, akalikata jina kwa kalamu nyekundu, kisha akaendelea na somo. Kosiweki, yaani maksi za kazi na majaribio ya semesta, ilipobandikwa, jaribio la pili halikuwa na maksi. Tulimsihi: nenda ofisini leo hii, mwalimu anakufahamu, jieleze. Akaona aibu. Akangoja wiki, akangoja nyingine, UE ikamkuta hajaenda. Akapata sapu, yaani mtihani wa marudio, sapu nayo ikawa kariova, somo la kulibeba hadi mwaka unaofuata. Huyu ndiye tuliyekuwa tunamtegemea atufundishe usiku! Inaniuma mpaka leo, na juzi nimewasikia wawili wenu mkipangana nani amsainie nani. Acheni. GPA, wastani wa alama zenu zote, ya daraja la kwanza inaanzia 4.4 kwa 5, na shimo la mwaka wa kwanza hamlifukii kirahisi. Mhadhiri anayekujua kwa jina ni mali, mfuate ungali na swali, usisubiri uwe na kesi.

3. Boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, saini siku ileile linapotoka, na usilikopee dukani kabla.

4. Sweta nunueni mapema. Juni hapa haina huruma.

5. Wa sheria, miaka minne ya LLB, shahada ya sheria, haijamaliza safari ya uwakili, bado Law School inawasubiri. Kesi someni wenyewe, mzifupishe kwa mkono wenu. Daftari la kurithi kwa mwaka wa tatu lina makosa yake, na wahadhiri wanayajua yote, hadi ukurasa.