Sumu ya shambani: maswali yenu wiki hii

Nilipiga dawa kwenye nyanya asubuhi. Mchana mate yakanijaa, jasho likanitiririka, macho yakawa na ukungu. Ni malaria? (Ilula)

Malaria haikujazi mate kinywani. Hiyo ni sumu, nami nawaomba tena muache kuiita dawa, kwa sababu mtu akiiita dawa huikoroga kwa mkono mtupu. Viuatilifu vingi vya nyanya, kama profenofosi na kloripirifosi, ni oganofosfeti. Mshipa wa fahamu huuamuru msuli kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Amri ikishafika, kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi huivunja, msuli ukapumzika. Oganofosfeti hukishika kimeng'enya hicho, na amri haikomi. Mate na jasho havikatiki, mboni hunywea, kifua hujaa makohozi, misuli huchezacheza hadi ile ya kupumulia inalegea. Hapo ndipo watu wanapofia.

Vua nguo zote, oga kwa sabuni na maji mengi, nenda hospitali sasa hivi na chupa yenye lebo, ili daktari ajue mapema kwamba unahitaji atropini, dawa inayopambana na sumu hii. Ukipata nafuu usiwahi kutoroka wodini: misuli ya kupumulia inaweza kulegea siku moja hadi nne baadaye.

Maziwa si yanaua sumu? (Kitale)

Hayaui. Swali hili linarudi kila msimu, na kila msimu kuna mtu anayecheleweshwa nyumbani akinyweshwa maziwa. Wala msimtapishe.

Mimi natumia vya asili tu, kwa hiyo sina wasiwasi. Au? (Arusha)

Uwe nao. Kule Calabar, Nigeria, Waefik walikuwa wakimlisha mshukiwa wa uchawi maharage ya mmea wa porini, esere. Aliyetapika akapona alihesabiwa hana hatia. Mwaka 1864 wanakemia walitenga sumu yake, fisostigmini, inayokizuia kimeng'enya hichohicho. Kutokana na umbo lake wakaja kubuni viuatilifu viitwavyo kabameti, vikiwemo kabarili na kabofurani. Hiyo ya dukani unayoiogopa, babu yake ni haragwe. Hata kiazi mviringo kilichogeuka kijani kina solanini, nayo hukigusa kimeng'enya hiki, usimpikie mtoto.

Pareto na mwarobaini ni habari nyingine. Pareto huvuruga njia za sodiamu kwenye mishipa ya fahamu ya mdudu, mwarobaini humzuia kujivua gamba. Maji ya tumbaku ndiyo yananitisha: nikotini hujibandika palepale asetilikolini inapopokelewa, na hupenya ngozi. Neno "asili" linakuambia kitu kimetoka wapi. Halikuambii kinafanya nini mwilini.

Nimesikia wazee wenye Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, hupewa kitu kinachozuia kimeng'enya hichohicho. Kweli? (Mombasa)

Kweli. Ubongo wao hupungukiwa na asetilikolini, basi huzuiwa isivunjwe haraka. Galantamini, mojawapo ya dawa hizo, hupatikana kwenye maua ya jamii ya dafodili. Lakini kipimo ni cha miligramu, chini ya daktari. Kama bibi yako anaitumia, asikaribie kabisa shamba linalopuliziwa, maana mizigo miwili itabebwa na kimeng'enya kimoja.

Lebo inasema nisubiri siku 14 kabla ya kuvuna sukuma, muuzaji anasema 3. (Nakuru)

Siku 14. Muuzaji si mlaji wa sukuma hizo.

Chupa tupu nikiiosha vizuri naweza kuwekea mafuta ya kula? (Molo)

Hapana, mama, hata ukiichemsha. Julai 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana shuleni. Kwenye mafuta ya kupikia ilikutwa monokrotofosi, ambayo ni oganofosfeti. Watoto wale walikaa wakala kama siku nyingine yoyote. Chupa yako isuuze mara tatu, maji hayo uyarudishe kwenye bomba la kupulizia, kisha itoboe kitako leo hii, kabla jirani hajaiomba.