Ndege ilikuja mshazari, tairi moja likagusa kwanza: rubani alikosea?

SWALI: Shikamoo kapteni. Mwezi wa saba nilitoka KIA kwenda Dar na mama, ndege ya mapanga. Tulipokaribia kutua ndege ikawa imekaa mshazari kabisa, mimi nipo dirisha la kulia na nikaiona ranwei kupitia dirishani kwangu, kitu sijawahi kukiona. Tukashuka hadi karibu na chini, ghafla injini zikanguruma tukapaa tena. Mara ya pili tairi la kushoto likagusa, kisha la kulia, kishindo kikubwa, watu wakapiga kelele. Shemeji yangu anasema yule alikuwa rubani mwanafunzi, kwamba anayejua kazi anatua laini na mara moja tu, na kwamba siku hizi kompyuta ndo inatua. Mama amegoma kupanda ndege na mwezi wa tisa ana kliniki Dar. Nimwambie nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Shemeji yako nampa pole, kwenye sentensi moja amekusanya upuuzi wote ninaoletewa kila mwaka kusi inapokaza.

Dirisha lako halina maneno mengi. Ranwei kubwa ya Dar ni 05/23, yaani imelala kaskazini mashariki kwenda kusini magharibi. Kaskazi ikivuma raha, inakuja usoni. Kusi ndo kasheshe, inatoka kusini na kusini mashariki, ikipiga ranwei ubavuni. Sasa nahodha wa jahazi anayevuka mkondo haelekezi omo, yaani pua ya jahazi, kwenye gati anakotaka kufika, anaelekeza juu zaidi, mkondo wenyewe unamshusha hadi gatini. Sisi ni hivyo hivyo. Ukitua 23, yaani ukielekea kusini magharibi, digrii 230, na upepo unatoka kushoto, pua inaelekezwa kushoto, tunaita kutembea kaa. Ndege ikiwa na mwendo wa noti 120 na upepo wa ubavuni noti 20 (noti moja ni karibu kilomita 1.85 kwa saa) pua inapinda kama digrii 10 hivi, kwa hiyo ranwei inakuwa mbele upande wako wa kulia na wewe ukaiona. Wala haikuwa imepotea njia. Pua ingekuwa imenyooka pale mbali bila kitu kingine chochote ndo ungepaswa kuogopa, maana mngekuwa mnasukumwa kuelekea majanini.

Halafu sekunde za mwisho kabisa mguu unasukuma pedali ya usukani wa mkiani ili pua inyooke na mstari wa katikati, na wakati huohuo mkono unalaza bawa la upande wa upepo kidogo, kwa sababu ukinyoosha pua tu basi upepo unaanza kukubeba na bawa la upande ule linataka kunyanyuka. Bawa la kushoto likishuka, tairi la kushoto litagusa kwanza. Ndivyo inavyofundishwa. Na hatulilazi tunavyotaka, ndege kama 737 au A320 zenye injini chini ya bawa ukizidisha unakwaruza injini kwenye lami.

Sasa kishindo, na hapa naomba mnisamehe maana nimechoka. Sijui nani aliwaambia watu kwamba rubani anapimwa kwa ulaini. Siku tulivu, ranwei kavu, ndefu, sawa, tua kama unalaza mtoto. Upepo ukiwa wa ubavuni na lami imelowa, ulaini ni uzembe uliovaa tai. Piga hesabu mwenyewe, noti 120 ni zaidi ya mita 60 kwa sekunde, rubani akielea sekunde tano akitafuta kutua laini ili mpige makofi ametupa mita 300 za ranwei nyuma yake, na muda wote huo pua keshainyoosha kwa hiyo upepo unamsogeza pembeni, na ranwei upana wake ni kama mita 45 tu. Tena ndege inatakiwa ijue iko chini, uzito ukikaa kwenye miguu ndo vile vibao vya juu ya mabawa vinanyanyuka kuua ile nguvu ya kuelea na breki zinashika. Ukigusa kidogo kidogo kama unaogopa kuamsha mtu, matairi yanateleza juu ya maji. Kwa hiyo tunakaa chini kwa nguvu, makusudi. Kuna kutua kwa nguvu kupita kiasi, hilo lipo, na likitokea rubani anaandika kwenye kitabu na mafundi wanaikagua ndege kabla haijaruka tena. Kama yenu iliendelea na safari zake baada ya dakika 40, mlikalishwa tu vizuri.

Kompyuta niipitie haraka. Otopailoti ya kutua ipo, iliwekwa hasa kwa ajili ya ukungu. Kwenye A320 mwisho wake ni noti 20 za upepo wa ubavuni. Ukizidi hapo anayetua ni binadamu, mikono na miguu. Kwa hiyo shemeji kaipindua, siku ngumu ndo kompyuta inapumzishwa.

Na ile kupaa tena. Jamani. Sio kushindwa, hiyo ni sehemu ya kazi, tunaifanyia mazoezi kila tunaporudi kwenye simyuleta na mafuta yake yamo ndani tangu mnaondoka: ya kufika, ya kwenda uwanja wa akiba, na nusu saa nyingine juu ya hayo. Kwa Dar tunapenda Zanzibar, iko dakika chache na ranwei yake ya 18/36 imelala kusini kaskazini, kusi inaingia karibu usoni. Mwenzangu aliona ndege haijatulia, akasukuma injini, akazunguka, akaja upya akiwa amejipanga. Mimi ningekuwa abiria siku ile ningemshika mkono mlangoni.

Wanaoharibu vichwa vya watu ni hawa wachambuzi wa klipu. Klipu yao kipenzi ni ya Hamburg, tarehe 1 Machi 2008, A320 ya Lufthansa kwenye dhoruba iliyoitwa Emma, abiria zaidi ya 130. Wanaiwekea muziki na maandishi "rubani shujaa". Kilichotokea ni kwamba mikupuo ya upepo ilifika noti 47, wakaenda kutua ranwei 23 upepo ukiwaparamia kutoka kulia, ndege ilipogusa bawa la kushoto likashuka hadi ncha yake ikasugua lami, wakapaa, wakarudi kutua ranwei 33 ambayo ilikuwa inautazama upepo zaidi. Nyote mnaangalia lile bawa. Mimi naangalia hiyo 33, ilikuwepo tangu mwanzo na waongoza ndege waliwaambia. Wachunguzi wa Ujerumani walikuta kitu ambacho hakimo kwenye klipu yoyote: ile namba ya upepo wa ubavuni iliyo kwenye kitabu cha ndege, kwa A320 noti 33 na mikupuo hadi 38, inaitwa upepo "ulioonyeshwa", yaani marubani wa majaribio walitua nao siku walipoupata, na vitabu havikueleza vizuri kama ni kikomo au ni taarifa tu. Kila mtu akaitafsiri anavyotaka.

Na hiyo tafsiri ndo inaninyima usingizi kuliko kishindo chenu, maana hata sisi wenyewe tunaichezea. Chukua Q400, ndege ya mapanga, namba yake ni noti 32. Mnara wa kuongozea ndege unasema upepo unatoka digrii 160, noti 22, mikupuo 32. Ranwei 23 ya Dar ni digrii 230, tofauti 70, kwa hiyo asilimia 94 hivi ya upepo wote inakupiga ubavuni. Mvivu atapiga hesabu kwa 22, anapata kama 21, anacheka, anakwenda. Piga kwa mikupuo, unapata 30. Upepo hautakuuliza ugusie chini kwenye 22 au kwenye 32. Ndo maana makampuni mengi yanaweka kikomo chao chini ya kile cha kiwandani, lami ikilowa kinashuka tena, na rubani msaidizi mgeni anapewa kidogo zaidi hadi akomae.

Zamani nilikuwa naruka Caravan za kukodi visiwani, injini moja, namba yake noti 20. Siku moja nina familia inakwenda harusini, mzee mmoja kakaa siti ya mbele pembeni yangu, keki ya ghorofa mbili mapajani, kaikumbatia. Tunafika, soksi ya upepo imenyooka kama mkono unaoonyesha kidole, na inakata ranwei msalaba. Soksi ikinyooka hivyo ni kuanzia noti 15 na kuendelea, ile ilikuwa inapigapiga hadi mlingoti unatikisika. Nikajaribu mara moja, kanyagio la mguu likafika mwisho na pua bado haijanyooka. Hapo hakuna mjadala, pedali imeisha. Nikapaa. Mzee akaniambia, "Kijana jaribu tena, wenzako wanatua." Na kweli kulikuwa na mwenzangu kaegesha pale chini. Nikageuza Dar. Mzee hakunisemesha njia nzima, keki imelalia paneli, redio mbili zikapakwa krimu na mimi ndiye niliyezifuta kwa kitambaa jioni ile huku bosi ananigombeza kuhusu mafuta. Sasa wewe unayekodi ndege kwenda mbugani au kisiwani, mkiona rubani kageuza, msimtajie mwenzake aliyetua. Mwenzake huenda alitua saa moja kabla. Huenda pia alibahatisha, na siku atakayokosa hatakuwa peke yake humo ndani. Na yule anayewaambia "mimi huwa natua popote, upepo wowote", shukeni, mdai nauli mkiwa nje.

Kuhusu mama. Septemba kusi bado ipo, mkatie ndege ya asubuhi na mapema, mchana upepo wa bahari unajazia kusi na ndo ngoma inanoga. Siti za kwenye bawa hapo katikati, nyuma kunayumba zaidi. Mkanda aukaze chini ya tumbo, sio juu yake, na begi lisikae miguuni. Na usimuweke dirisha la kulia.