Makala yako imerejelewa na nani? Maswali ya watafiti wa afya wa Kanda ya Ziwa

Watafiti wa afya wa Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria wanapojaza fomu za kupandishwa vyeo, barua ninazopokea huwa na shida moja: namna ya kuonyesha kwamba kazi zao zimesomwa na kutumiwa na wengine. Nimechagua barua tano.

Google Scholar inaonyesha makala zangu za kichocho zimerejelewa mara 212, Scopus inaonyesha 131. Niandike ipi? (Nyamagana)

Zote mbili ni sahihi, kila moja kwa daftari lake. Scopus, hifadhidata ya makala za kitaaluma, huhesabu marejeo yanayotoka katika majarida, vitabu na mikutano ambayo yenyewe imeichagua, ilhali Google Scholar, mtambo wa kutafuta maandiko ya kitaaluma, hukusanya pia tasnifu, ripoti na maandiko ambayo bado hayajapitiwa na wataalamu. Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hajumlishi ndoo na kilo katika hesabu moja, na wewe usichanganye. Chagua chanzo kimoja, kitaje, na uandike tarehe uliyoangalia, kwa sababu idadi hiyo hubadilika. Ila kabla ya kunakili, soma orodha yako makala moja moja. Nimewahi kumsaidia daktari wa watoto ambaye ukurasa wake ulikuwa umebeba makala tatu za uimara wa saruji, za mtu mwingine mwenye jina kama lake, na ndizo zilizokuwa zikirejelewa zaidi.

Mwalimu, fahirisi ya h inakokotolewaje, na je, 5 ni aibu? (Sengerema)

Chukua penseli. Panga makala zako kuanzia iliyorejelewa zaidi: 41, 19, 12, 7, 5, 3, 1. Shuka ukihesabu nafasi. Makala ya tano imerejelewa mara 5, kwa hiyo imefikia nafasi yake. Ya sita imerejelewa mara 3 tu, haikufika. Fahirisi yako ni 5, yaani una makala 5 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 5. Ndivyo alivyoipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Tazama sasa kilichofichika: hata ile makala ya kwanza ingerejelewa mara 4,000, fahirisi ingebaki 5. Tena haishuki kamwe, hivyo humpendelea aliyeanza zamani, na haijui kwamba watafiti wa saratani ni wengi na hurejeleana kwa wingi kuliko watafiti wa konokono wa kichocho. Hakuna aibu katika 5 ya mtu mwenye miaka sita kazini. Anayetaka ulinganisho wa haki zaidi atumie uwiano unaopima makala dhidi ya nyingine za uwanja wake, kama ule unaotolewa bure na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani kwa makala zilizomo PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, ambapo 1.0 ni wastani wa makala zilizofadhiliwa na taasisi hizo.

Nimo katika makala yenye waandishi 46 kutoka nchi tisa. Je, huo si ushahidi wa ushirikiano mkubwa? (Ilemela)

Ni ushahidi kwamba jina lako limo. Ushirikiano wenyewe utauona ukifungua makala zako zote na kuuliza nani yuko wapi. Katika utafiti wa tiba, kwa desturi, mwandishi wa kwanza ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi na kuandika, na wa mwisho ndiye aliyeongoza. Mtafiti ambaye kwa miaka kumi yuko katikati ya orodha, nafasi ya 17 hapa, ya 23 pale, huku damu na takwimu zikitoka katika zahanati zetu na majina ya mwanzo na mwisho yakitoka ng'ambo, ana washirika wengi na sauti ndogo. Mimi ningeweka kwenye fomu mambo matatu: makala ambazo wewe ni wa kwanza au wa mwisho, washirika mliorudi kuandika pamoja zaidi ya mara moja, na wanafunzi wako wa hapa waliokuwa waandishi wenza. Majarida mengi sasa huchapisha pia mchango wa kila mwandishi kwa mfumo wenye majukumu 14. Nukuu maneno hayo kama yalivyo.

Makala yangu ina miaka minne, haijarejelewa hata mara moja. Je, haina thamani? (Ukerewe)

Virusi vya Zika vilipatikana mwaka 1947 kwa nyani aliyewekwa katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, ziwa hili hili, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1952. Kwa miongo mingi ni wachache walioyagusa, mpaka mlipuko wa Brazili wa 2015 ulipowalazimisha watafiti wa dunia nzima kurudi kwenye kurasa zile. Sikuahidi mlipuko. Nasema tu kwamba miaka minne ni michache, na kwamba kurejelewa si sawa na kusifiwa. Jaribio la Mwanza lililochapishwa mwaka 1995 lilionyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI kwa takriban asilimia 40. Mwaka 1999 jaribio la Rakai, Uganda, ambako watu walitibiwa kwa pamoja bila kujali dalili, halikuona upungufu huo. Kwa hiyo waliorejelea moja mara nyingi walirejelea na jingine, wakitafuta sababu ya tofauti. Marejeo ya namna hiyo ni mjadala, na kihesabio hakiwezi kukwambia nani alikuwa upande gani. Lazima usome.

Jina langu limechapishwa kwa namna tatu. Nifanyeje? (Magu)

Jisajili ORCID, mfumo wa kumpa kila mtafiti namba yake ya utambulisho, ni bure. Utapewa namba ya tarakimu 16, kisha uunganishe makala za majina yote matatu. Kuanzia leo andika jina kwa namna moja tu, na uitume namba hiyo pamoja na kila andiko.