Maswali na majibu: Usiniambie mhusika ni jasiri, niambie alibanwa wapi

Wiki hii maswali mengi yametoka kwa walimu wa Kiswahili wa gredi 7 hadi 9, na mzazi mmoja yumo. Mengine nayajibu kwa ufupi manake yashajibiwa hapa zaidi ya mara moja.

Mwalimu, wanafunzi wangu wa gredi 8 nikiwauliza kuhusu mhusika wanaandika "ni jasiri, ni mwerevu, ni mkarimu" na basi. Nifanyeje waone vile changamoto zinamjenga mhusika? (Mwalimu, Kilifi)

Kosa si lao, wanafanya vile tuliwafunza. Tunawapa orodha ya sifa wanakariri, mtihani ukija wanazimwaga, na aliyemwaga nyingi ndo anapata alama nyingi, sasa mtoto akishajua "jasiri" inalipa mbona ahangaike na hadithi yenyewe? Sifa ni jina tu tunalipa kile mtu alichofanya alipobanwa. Kama hujamuuliza mtoto huyu mhusika alibanwa wapi, angeweza kufanya nini kingine, na akachagua nini, hiyo sifa imeelea tu hewani.

Mimi hutumia Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili wa pwani, manake watoto wengi wanamjua nusunusu. Mfalme wa Pate anamwonea wivu, anamfunga, anataka auawe. Mamake anamtumia kijakazi na chakula, walinzi wanakila kizuri chote. Liyongo anatunga shairi la mafumbo kijakazi akampelekee mama, na mama anaelewa, anaoka mkate wa wishwa (makapi ya nafaka) na kuficha ndani tupa, kile chuma cha kukerezea. Walinzi wanachukua mikate mizuri wanamwachia ule wa wishwa. Ombi lake la mwisho ni ngoma, na ngoma ikilia huko nje yeye anakereza minyororo na hakuna anayesikia. Hapo darasa zima litakwambia "jasiri!" Hebu wasimamishe. Huyu ni mtu anayesifika kwa nguvu za ajabu, na sasa nguvu zimefungwa kwa chuma. Kilichomtoa ni shairi, mkate na ngoma. Minyororo ndo ilimlazimisha atafute ndani yake kitu kingine kisichokuwa misuli, na mtoto akiliona hilo kwa macho yake hutahitaji kumfafanulia tena changamoto inamjengaje mhusika.

Kisha kuna mwana wa Liyongo. Mfalme anamwahidi binti yake amuoe, ili akaulize siri ya kifo cha babake. Mimi husimulia mpaka pale kijana anamuuliza, baba, ni kitu gani kinaweza kukuua? Halafu nanyamaza. Nawaambia anayeona Liyongo aseme asimame upande wa madirisha, anayeona afiche asimame mlangoni. Muhula uliopita karibu wote walijaa mlangoni, madirishani akabaki msichana mmoja ambaye tangu Januari sijui kama alishainua mkono. Nikamuuliza kwa nini, akasema polepole, "Akimficha ataishi akimwogopa mtoto wake mwenyewe." Darasa likatulia kabisa, na wavulana wawili wakavuka wakaenda kusimama naye.

Na kweli Liyongo anasema, huku akishuku kwamba kijana amedanganywa: sindano ya shaba, kitovuni. Kijana anamdunga usingizini. Hapo ndo nataka walimu mkae sana, manake watoto wetu wamefunzwa kwamba changamoto ni njaa, umaskini na ugonjwa, na huyu kijana hakuwa na njaa wala hakufungwa na mtu. Changamoto yake ilikuwa ahadi tamu. Kwa umri wa miaka 13, 14, hizo ndo changamoto zinazowajia wao wenyewe kila siku.

Wakimaliza wape sentensi moja tu waijaze: "Alipo… angeweza… lakini ali… na kuanzia hapo…" Sentensi moja, daftari linafungwa. Inazidi ukurasa mzima wa sifa.

Tofauti ya changamoto na mgogoro ni nini? (Wengi sana)

Mgogoro ni mvutano wa pande mbili, hata kama pande zote ziko ndani ya moyo wa mtu mmoja. Changamoto ni chochote kinachomzuia mhusika kufika anakotaka. Tafadhali someni majibu yaliyopita kabla ya kuandika, hili nimelijibu mara tatu mwaka huu.

Mwanangu yuko gredi 7. Aliandika kwamba Sungura kwenye ngano habadiliki, mwalimu akamtia kosa akisema kila mhusika hubadilishwa na changamoto. Nani yuko sawa? (Mzazi, Nakuru)

Mwanao. Sungura anabanwa na Simba, anabanwa na Fisi, kila mara anatoka kwa ujanja uleule na ngano inayofuata yuko vilevile. Ni mhusika bapa, yaani asiyebadilika, na hakuna ubaya, ngano inamtaka hivo. Changamoto inaweza kumbadilisha mhusika, na inaweza pia kumfichua tu alivyo tangu mwanzo, na mtoto anayetofautisha hayo mawili akiwa gredi 7 anastahili kupongezwa. Nenda umuone huyo mwalimu ana kwa ana, kwa heshima, usianze kumwandika kwenye grupu ya WhatsApp ya wazazi. Na walimu wenzangu, mwongozo wa kusahihishia si msahafu, mtoto akileta hoja na ushahidi kutoka kwa hadithi mpe alama zake.

Naomba unitumie notsi za sifa za wahusika na majibu.

Hapana. Hizo notsi ndo zimetufikisha hapa.

Nataka kila mwanafunzi aandike changamoto ya maisha yake kisha asome mbele ya darasa, ili wamwelewe mhusika vizuri. Wazo ni zuri? (Mwalimu mpya, Busia)

Usifanye hivo, nakuomba. Mimi nilifanya. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha niliwaambia watoto waandike na wasome kwa sauti, akafika kijana mmoja akasimama, karatasi ameishika kwa mikono miwili, akasoma sentensi ya kwanza kuhusu babake, kisha sauti ikakatika na akabaki amesimama hapo na mimi sikujua la kufanya. Nilipomwambia aketi ilikuwa kuchelewa, wenzake walishasikia. Wiki nzima hakuja shule. Nimeibeba hiyo mpaka leo.

Uzuri wa hadithi ni kwamba mtoto anaweza kuongea uchungu wake akimtaja Liyongo au mwana wa Liyongo, na hakuna anayejua ni wake. Ukimlazimisha auvue mbele ya watu 50 umemnyang'anya hiyo stara. Akitaka kuandika yake aandike, akupe wewe peke yako, na ukisoma jambo la hatari nyumbani usikae nalo wala usilipeleke stafrumu kama mazungumzo ya chai, liende kwa mwalimu mshauri siku hiyohiyo.

Naweza kumtumia Mekatilili wa Menza badala ya ngano? (Mwalimu, Malindi)

Unaweza, na Malindi mko naye jirani kabisa. Mwaka wa 1913 aliwakusanya Wagiriama kwa ngoma ya kifudu na viapo dhidi ya Waingereza, wakamkamata wakampeleka mbali mpaka Kisii, na akatoroka akarudi kwao kwa miguu. Ila ni mtu aliyeishi kweli. Alichofanya tunakijua, mawazo yake usiku njiani hatuyajui, kwa hivo mtoto akiandika "Mekatilili alihisi…" muulize umejuaje. Kwa mhusika wa hadithi ana uhuru zaidi, mradi aonyeshe ni tendo gani au maneno gani kwenye hadithi yamempa wazo hilo.

Lesoni ni dakika 40 tu, haya yote yataingiaje?

Hayaingii. Simulia Jumatatu mpaka pale kijana anauliza siri, kengele ilie ukiwa hapo, usiongeze neno hata wakikufuata mpaka mlangoni. Jumatano anza na madirisha na mlango. Wengi watakuwa washawauliza nyanya zao kilichotokea, na nyanya wengine watakuwa wamewapa mwisho tofauti na wako, basi waache wabishane kwanza.